Nitajuaje kama vichwa vya risasi nilivyosubu mwenyewe vinalenga?

"Shikamoo fundi. Nina bunduki ya kuwindia ya milimita 7.62, naimiliki kwa leseni, na mwaka huu nimeanza kusubu vichwa vya risasi mwenyewe kwa kalibu ya matundu mawili. Nimesubu aina mbili, moja ya madini laini na nyingine ngumu. Nimekwenda uwanja wa shabaha mara tatu. Kila nikifika naanza na risasi za dukani kama kumi, kisha napiga za kwangu tatu-tatu kwenye mita 100. Siku ya kwanza zile ngumu zilikusanyika ndani ya sentimita 3, nikafurahi sana. Safari iliyofuata risasi zilezile zikaenda sentimita 9. Nikabadilisha mafuta ya kulainishia na kiasi cha baruti kwa pamoja, nikapata 5, kisha 8. Karibu kila kundi lina moja inayotoroka, nayo huwa siihesabu. Wenzangu wananiambia risasi za kusubu hazilengi, niachane nazo. Ni kweli? Nimebakiwa na vichwa 120 ambavyo sijavipakia, nivitupe? Na nikitaka kujua kwa uhakika ipi bora kati ya laini na ngumu, nifanyeje?"

Marahaba, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kilichonishika si zile sentimita 9. Ni ile sentensi uliyoipita haraka, kwamba karibu kila kundi lina risasi moja inayotoroka nawe unaiacha nje ya hesabu. Sehemu kubwa ya jibu lako imejificha kwenye shimo hilo ulilolikataa.

Kwanza tuelewane kwa maneno, maana lugha yetu inaita risasi yale madini na inaita risasi kile kinachotoka mtutuni. Hapa nitasema "madini" kwa kile unachoyeyusha, "kichwa" kwa kile kinachotoka kwenye kalibu, na "risasi" kwa kitu kizima kilichokwisha kupakiwa: ganda, fataki ya kuwashia iliyo kitakoni mwa ganda, baruti na kichwa.

Wenzako wamekosea, ingawa naelewa walikotoa neno lao. Kabla Mswisi Eduard Rubin hajakivisha kichwa koti la shaba mwaka 1882, bunduki zote zilipigwa kwa madini matupu, na walikuwapo walenga shabaha hodari kweli kweli. Hata leo wapo wanaoshindana kwa vichwa vya kusubu. Tofauti ni kwamba kichwa cha kiwandani kinakusamehe mengi, na cha kusubu hakikusamehe hata kidogo. Kosa dogo mezani linaonekana kubwa kwenye karatasi. Mtu akipima vibaya, atasema vichwa vibovu. Mara nyingi vichwa vina kasoro kidogo na upimaji una kasoro kubwa, nawe nadhani uko hapo.

Tuanze na yale makundi yako: 3, 9, 5, 8. Umeyasoma kama mambo manne tofauti, kila moja na sababu yake. Mimi nikiyatazama naona huenda ni jambo lile lile limetokea mara nne. Chukulia bunduki na risasi ambazo makundi yake ya risasi tatu yana wastani wa sentimita 6. Usibadilishe chochote, piga makundi mengi. Wastani utakuwa 6, lakini kundi moja moja litacheza, na mchezo wa kawaida ni sentimita 2 na zaidi kila upande. Kupata 4 au 8 ni jambo la kila siku. Kupata 3 siku moja na 9 siku nyingine si ajabu hata kidogo. Risasi tatu ni chache mno. Zikiangukia karibu karibu kwa bahati unashangilia, zikitawanyika kwa bahati unabadilisha baruti. Bahati ndiyo iliyokuendesha, ndugu yangu, na imekugharimu safari tatu.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Kundi linakua kadiri unavyoongeza risasi, hata kama ubora haujabadilika. Bunduki ile ile inayotoa wastani wa sentimita 6 kwa risasi tatu itatoa kama 7.6 kwa risasi tano na kama 9.5 kwa risasi kumi. Haijaharibika. Ni kwamba kila risasi unayoongeza ina nafasi ya kwenda mbali kuliko zilizotangulia, na kundi tunalipima kwa mashimo mawili yaliyoachana zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia bunduki yake inakusanya sentimita 2, muulize ni risasi ngapi na ni makundi mangapi. Asipojua, hajakuambia kitu.

Ukitaka kuliona hili kwa macho yako, piga risasi 20 kwenye karatasi moja huku ukiandika namba ya kila shimo kwa mpangilio. Ukirudi nyumbani, pima 1 hadi 3 kama kundi, 4 hadi 6 kama kundi, uendelee hivyo. Utapata makundi sita yasiyofanana kutoka kwenye bunduki moja, siku moja, risasi za aina moja. Nilipolifanya zoezi hili mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu nikitazama daftari langu la miaka ya nyuma, jinsi nilivyokuwa nimeandika "nzuri sana" hapa na "mbaya" pale kwa vitu ambavyo huenda vilikuwa kimoja.

Sasa turudi kwa risasi inayotoroka. Unaitoa kwenye hesabu kwa kuwa unadhani ni mkono wako umetikisika. Inawezekana. Lakini kama hukuhisi chochote wakati wa kuvuta kifyatulio, huna haki ya kuitoa. Kanuni ninayoishika ni hii: shimo linaondolewa tu pale nilipotamka kosa kabla ya kutazama karatasi. Nikivuta vibaya, nasema palepale, "hii nimeiharibu," na msaidizi anaandika. Nikishalitazama shimo, limekwisha kuingia, liwe zuri au baya.

Na kwa vichwa vya kusubu kuna sababu ya pili ya kuliheshimu shimo hilo. Madini yaliyoyeyuka yakiganda husinyaa. Yakiganda mlangoni mwa kalibu kabla ya kuganda ndani, au hewa ikinaswa, hubaki uwazi ndani ya kichwa ambao huuoni kwa nje. Kichwa kinang'aa, kingo zake ni kali, nawe unakipenda. Niliwahi kupima kundi la vichwa vya gramu 11 nikakuta kimoja kimepungua gramu 0.1. Nikakibana kwenye jiliwa nikakikata kwa msumeno. Karibu na kitako, upande mmoja, palikuwa na tundu lenye kuta laini, ukubwa wake kama kichwa cha kijiti cha kiberiti. Hesabu inakubali: madini ya risasi yana uzito wa gramu 11.34 kwa sentimita moja ya ujazo, hivyo upungufu wa gramu 0.1 ni tundu la mviringo lenye kipenyo cha milimita 2.5 hivi.

Sasa angalia tundu hilo linafanya nini. Kichwa kikiwa ndani ya mtutu, mifuo, yaani ile mifereji ya kujipinda iliyochongwa ndani yake, inakizungusha, nacho hakina hiari: kuta za mtutu zinakilazimisha kizunguke kwenye mhimili wa umbo lake. Lakini uzito wake hauko katikati tena, umeegemea upande usio na tundu. Kikitoka tu mdomoni mwa mtutu, hakuna tena ukuta wa kukishika, na ule uzito ulioegemea unachomoka pembeni kama jiwe linapoachiwa kutoka kwenye kombeo. Mtutu wenye mzunguko mmoja kwa kila milimita 254, kichwa kikienda mita 550 kwa sekunde, kinazunguka zaidi ya mara 2,100 katika sekunde moja. Tundu letu likiwa milimita 2 kutoka kwenye mhimili, kitovu cha uzito kinahama chini ya sehemu mbili za mia za milimita. Kidogo hivyo. Na bado, kwa hesabu, kichwa hicho kitaangukia karibu sentimita 4.5 mbali na mahali pake kwenye mita 100. Upande gani? Inategemea tundu lilikuwa limeelekea wapi wakati kichwa kinatoka mdomoni. Hiyo ndiyo risasi yako inayotoroka, leo juu kulia, kesho chini kushoto.

Zingatia jambo moja katika hesabu hiyo: kasi haimo. Ukiongeza mwendo, kichwa kinachomoka pembeni kwa nguvu zaidi, lakini kinafika shabahani mapema kwa kiasi kile kile, na vitu viwili vinafutana. Kwa hiyo ulipobadilisha baruti ili kuiponya risasi inayotoroka, ulikuwa unatibu mguu kwa maumivu ya jino.

Kitako cha kichwa kinahitaji uangalifu huo huo, pengine zaidi. Mmarekani Franklin W. Mann, ambaye alitumia miaka mingi ya maisha yake kutafuta kwa nini risasi hukosa na akachapisha majibu yake mwaka 1909, aliharibu vichwa kwa makusudi, vingine ncha na vingine kitako, kisha akavipiga. Ncha iliyoharibika ilileta madhara madogo kuliko watu walivyodhani. Kitako kilichoharibika kilitawanya vibaya. Sababu yake inaeleweka: kitako ndicho cha mwisho kuachana na mtutu, na gesi yenye shinikizo inatoka ikikisukuma. Kikiwa na pembe iliyomomonyoka upande mmoja, gesi inatokea hapo kwanza na kukisukuma kichwa kando. Kwa hiyo unapokagua vichwa, vigeuze. Watu wengi wanatazama ncha kwa kuwa ndiyo yenye umbo la kuvutia.

Hii ndiyo sababu nasema nusu ya kupima ulengaji hufanyika mezani, kabla hujabeba begi kwenda uwanjani. Kaa na vichwa vyako 120 mchana, mahali penye mwanga mzuri. Kwanza tenga kila kitako chenye kingo ya mviringo, kishimo au mkia wa madini uliobaki mlangoni. Kisha pima vilivyobaki kimoja kimoja kwenye mizani ya kusoma sehemu ya mia ya gramu. Tenga laini na ngumu, kwa sababu madini yenye bati na antimoni nyingi, yaani yale magumu, ni mepesi kidogo, na ukivichanganya utadhani unaona upungufu. Tenga pia tundu moja la kalibu na lingine ukiweza, kwani matundu mawili ya kalibu moja hayalingani kamwe. Utaona vichwa vingi vinajikusanya kwenye uzito fulani, na vichache vinabaki nyuma kwa upande mwepesi. Hivyo vichache ndivyo vinavyoshukiwa. Mizani haikuambii tundu liko wapi, na tundu lililokaa katikati ya mhimili halidhuru sana, lakini huna njia rahisi ya kulitofautisha, basi vyote viache.

Usivitupe hivyo vyepesi kwanza. Chukua vitano, vitie alama kwa kalamu ya wino, uvipige kama kundi lao siku ya majaribio. Hapo utajua kama uzito unakuambia kitu kwenye bunduki yako, badala ya kuniamini mimi.

Kipenyo nacho kinakuja kabla ya ugumu. Umeniuliza laini au ngumu, na nitakujibu, lakini kichwa kisichojaza mtutu hakitalenga kiwe laini kama nta au kigumu kama jiwe. Kanuni ya kawaida ni kichwa kizidi kipenyo cha ndani ya mifuo kwa milimita 0.025 hadi 0.05. Mitutu mingi ya 7.62 ina mifuo ya milimita 7.82 hivi, lakini ipo pia ya 7.90, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuharibu kila kitu. Mtutu wako lazima upimwe. Kichwa kikipwaya, gesi inapenya pembeni, inayeyusha na kukwangua madini, na kuyapaka kwenye kuta za mtutu. Tunauita ukoga wa risasi, na ukianza, kila kichwa kinachofuata kinapita juu yake.

Na hapa nina jambo la kukusahihisha juu ya utaratibu wako. Unaanza na risasi za dukani kumi, zenye koti la shaba, kisha unapiga za kwako. Zile za kwanza zinaacha shaba mtutuni, na madini yako laini yanakwaruzwa na shaba hiyo yakipita. Umevipeleka vichwa vyako kwenye njia iliyokwisha kuchafuliwa kisha ukavilaumu kwa kuchafuka. Kabla ya siku ya majaribio safisha mtutu kabisa, mpaka shaba yote itoke. Kitambaa kikiendelea kutoka na rangi ya kijani au buluu baada ya dawa ya shaba, bado. Kisha, uwanjani, piga tatu hadi tano za kwako usizozihesabu, ili mtutu upate mafuta yake na kutulia. Amua idadi hiyo kabla hujaanza, usiiongeze kwa sababu mashimo hayakukupendeza. Zile za dukani zipige mwisho, au siku nyingine.

Siku yenyewe chagua asubuhi tulivu. Upepo wa ubavuni unazionea risasi za kusubu, kwa kuwa kichwa chenye ncha butu kinapoteza mwendo haraka, na upepo hukisukuma kichwa kulingana na muda kilichochelewa njiani, si muda wote kilioruka. Upepo wa mita 4 kwa sekunde unaweza kukihamisha kichwa cha aina yako sentimita tano hivi kwenye mita 100. Funga utepe mwepesi kwenye mti wa shabaha, na mwingine katikati ya njia ukiruhusiwa, upige pale tepe zinapolala vile vile. Jua likipanda utaona mazigazi yakichezacheza kwenye darubini. Hapo shabaha unayoiona haiko pale unapoiona, na ni vema kupumzika.

Mifuko ya mchanga ishike mbao ya mbele ya bunduki, kamwe isiguse mtutu, na mwingine ukae chini ya kitako. Bega, shavu na mkono vikae mahali pamoja kila mara. Kabla ya kuanza, weka bunduki tupu kwenye mifuko, tazama kwenye darubini bila kuigusa, kisha sogeza jicho juu na chini. Msalaba ukitembea juu ya shabaha wakati bunduki imetulia, darubini haijarekebishwa kwa umbali huo, nawe utakuwa unaongeza mtawanyiko kwa kila namna unavyoweka shavu. Nimeona watu wakisubu upya vichwa 200 kwa kosa la darubini.

Mtutu wa bunduki ya kuwinda ni mwembamba na unapata moto haraka. Subiri dakika moja au mbili kati ya risasi na risasi, na zaidi kati ya kundi na kundi.

Sasa swali lako kubwa, laini dhidi ya ngumu. Badilisha kitu kimoja tu. Baruti ile ile, mafuta yale yale, maganda yale yale, kipenyo kile kile, madini tu ndiyo yatofautiane. Andaa risasi 20 za kila aina. Usizipige zote za laini kisha zote za ngumu, maana upepo, uchovu wako na uchafu wa mtutu vitaangukia aina ya pili peke yake. Piga tano laini, tano ngumu, tano ngumu, tano laini, kisha rudia mzunguko huo kwa kuanzia upande wa pili. Kila tano kwenye karatasi yake. Ukimpata mwenzako wa kukupa risasi bila kukuambia ni aina gani, tumia njia hiyo, ni nzuri kuliko zote. Najua nafsi yangu: nikijua nimeshika ile ninayoipenda, nashusha pumzi taratibu zaidi.

Mbele yako weka karatasi ya pili yenye mchoro wa shabaha. Kila ukipiga, tazama kwa darubini, weka nukta na namba ya risasi. Ukirudi nyumbani ukakuta shimo namba 13 limetoroka, unafungua daftari unaona kichwa namba 13 kilikuwa na uzito gani. Ndipo shimo linaanza kusema.

Kupima, usiishie kwenye mashimo mawili ya mbali. Tafuta kitovu cha kundi, kisha pima umbali wa kila shimo hadi kitovuni na utafute wastani. Kipimo hicho kinasikiliza risasi zote tano badala ya mbili, hivyo hakiyumbi sana. Ila usikiache kile kipimo cha zamani cha mashimo mawili, kwani kwa hicho ndipo utakapolinganisha na watu wengine.

Ukiwa na makundi manne ya tano kwa kila aina, tuseme laini zimetoa wastani wa sentimita 7 na ngumu 6. Andika hivi: sijui. Tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tupu kwa idadi hiyo ya risasi. Zikitoka 10 na 6, hapo una jambo la kweli mkononi. Ukitaka kutenganisha tofauti ndogo utahitaji risasi nyingi zaidi, na jiulize kwanza kama tofauti hiyo ina maana kwako. Kwa mwindaji, swali langu lingekuwa jingine: je, risasi zako kumi mfululizo, bila kuondoa hata moja, zinaangukia ndani ya duara la sentimita 15 kwenye umbali utakaopiga? Mnyama hajui habari za kundi lako bora. Ile inayotoroka ndiyo inayomjeruhi na kumwacha akafie porini, na kwa sababu hiyo peke yake sitachoka kukuomba uihesabu.

Juu ya ugumu wenyewe, nikupe maoni yangu. Watu hukimbilia madini magumu wakidhani ukoga unatokana na ulaini. Mara nyingi unatokana na kipenyo kidogo. Kichwa laini kina faida yake, kwamba shinikizo linaweza kukitanua kikajaza mtutu. Ubaya wake ni kwamba ukikisukuma kwa kasi sana mifuo inakikwangua badala ya kukizungusha. Kigumu kinastahimili kasi, lakini kikipwaya hakitanuki, kinabaki kupwaya mpaka mwisho. Kwa mwendo wa wastani kwenye bunduki yako nisingeshangaa ukikuta vyote viwili vinakaribiana. Jambo moja tu: madini yenye antimoni hubadilika ugumu siku za mwanzo baada ya kusubiwa, basi viache vikae wiki mbili tatu kabla ya kuvipima, na usilinganishe vya jana na vya miezi mitatu iliyopita.

Kitambaa cha kusafishia nacho kinaongea. Baada ya kila aina, pitisha kitambaa kikavu. Vipande vya kung'aa kama karatasi ya fedha ni ukoga. Ukijikusanya karibu na chemba, pale ganda linapokaa, mara nyingi kichwa ni chembamba. Ukijikusanya karibu na mdomo, mara nyingi mafuta yameisha njiani. Na ukiona mashimo ya tano hadi kumi yanazidi kutawanyika kuliko ya kwanza hadi tano, acha kubishana na baruti, safisha mtutu.

Kuhusu baruti sitakuandikia kiasi, na tafadhali usikichukue kwa mtu yeyote kwa mdomo. Tumia mwongozo wa mtengenezaji wa baruti hiyo, kwa uzito wa kichwa chako na kwa madini ya kusubu, si ya koti la shaba. Wala usidhani kupunguza ni salama siku zote. Kichwa kinaweza kukwama mtutuni. Risasi ikitoa sauti hafifu au teke dogo lisilo la kawaida, simama. Elekeza mtutu shabahani, subiri nusu dakika, toa bolti, angalia kama mtutu uko wazi kabla ya kufikiria nyingine. Risasi ya pili juu ya kichwa kilichokwama hupasua bunduki usoni mwako. Ganda likitoka kwa shida au fataki ikibondeka bapa, siku imekwisha, rudi nyumbani.

Yapo mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyamaliza. Ukiona tundu refu kwenye karatasi, kana kwamba kichwa kimepita kwa ubavu, ina maana hakizunguki vya kutosha kutulia: huenda ni kirefu mno kwa mzunguko wa mtutu wako, au kinapwaya, au ukingo wa mdomo wa mtutu umeumia. Ukipima kipenyo na urefu ukakuta viko sawa na bado kinapita ubavu, mpelekee fundi bunduki aukague mtutu kwa mkono wake. Mpe pia kazi ya kupima mtutu kama hujawahi kuifanya. Na uliza mamlaka inayokupa leseni: leseni ya kumiliki bunduki si lazima iwe ruhusa ya kutengeneza risasi, na katika nchi nyingine ni kosa kubwa kufanya hivyo bila kibali cha pili. Kama hujauliza, uliza kabla ya kupakia hata moja ya zile risasi 40 za majaribio.

Na afya yako. Hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na watoto na wajawazito wanaumizwa zaidi. Yeyushia nje au penye hewa ya kutosha, mbali na jiko la familia, kwa chungu kisichotumika kwa kazi nyingine. Tone moja la maji likiingia kwenye madini ya moto linageuka mvuke ghafla na kuyarusha usoni, kwa hiyo miwani, glovu na nguo za mikono mirefu hazina mjadala. Usile wala kuvuta sigara mezani hapo, nawa kabla ya kushika mtoto, na nguo za uwanjani zifue peke yake. Umekwisha anza kusubu mwaka huu. Nenda kwa daktari, mweleze unachofanya, apime kiasi cha risasi katika damu yako, na urudie kila mwaka. Ukisikia tumbo kusokota, kichwa kuuma kusikoisha au mikono kukosa nguvu, usingoje mwaka uishe.

Vile vichwa 120, basi, usivitupe. Vitenge mezani kama nilivyokuambia. Vilivyo vyepesi na vyenye kitako kibovu, ukiacha vile vitano vya majaribio, virudi chunguni. Madini hayapotei, yanasubiwa tena kesho, kalibu ikiwa na moto zaidi kidogo na mlango wake ukimiminwa bila haraka. Vilivyobaki viandike uzito daftarini na uvipe namba. Ukishapiga zile 20 kwa 20, niletee karatasi zote, pamoja na zile usizozipenda, na uzitie tarehe.